Ndege wahamao wanapoondoka kwenda kaskazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Mei, mamilioni ya ndege huondoka Afrika Mashariki kwenda kuzaliana Ulaya, Urusi, Asia ya Kati na Uarabuni. Huko waendako watu huwasubiri kwa hamu, maana kuonekana kwao ni dalili kwamba baridi imekwisha na majira ya kuchipua yameingia. Huku kwetu huondoka bila kuagwa, kwa kuwa wengi wetu hatukujua hata kama walikuwapo. Ukurasa huu unajibu maswali tunayoulizwa zaidi na wanaoanza kutazama ndege, hasa pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na ndugu zetu walioko Ulaya na Ghuba wanaowapokea ndege hawa upande wa pili.

Ndege wahamao ni wepi hasa? Mbona kila ndege huzurura?

Ni kweli, wengi huzurura. Heroe huzunguka kati ya maziwa ya Nakuru, Bogoria na Natron wakifuata chakula na kina cha maji. Leo wapo, kesho hawapo, wala huwezi kupanga nao mwezi wa kukutana. Ndege wahamao wana makao mawili na kalenda. Huzaliana kaskazini kati ya Mei na Agosti, halafu huja kwetu kuanzia Agosti na kukaa mpaka Machi au Aprili. Miongoni mwao wamo mbayuwayu wa Ulaya, korongo weupe, keremkerem wa Ulaya, kekeo, teleka, kozi wa namna nyingi, tai wa nyika za Asia ya Kati, na kundi kubwa la ndege wa ufukweni ambao wavuvi huwaita vitwitwi na sululu. Ndege wadogo wa nchi kavu peke yao, wanaovuka kila mwaka kutoka Ulaya kuja Afrika, wanakadiriwa kufika bilioni 2.

Wapo pia wanaohama ndani ya Afrika yenyewe. Kuna keremkerem mwekundu ambaye hutoka upande wa Ethiopia na Somalia, akakaa pwani ya Kenya msimu wa kaskazi na kulala kwa makundi kwenye mikoko. Na wa kaskazini wakishaondoka, huja wa kusini: kwenye mlango wa mto Sabaki, karibu na Malindi, hufika ndege wanaozaliana Madagaska, nao hukaa hapo miezi ya kusi.

Kwa nini waondoke wakati masika ndiyo yanaingia na chakula kinakuwa tele?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na linaulizwa sana na wakulima. Mvua ikishanyesha Machi, kumbikumbi wanatoka, nyasi zinaota, wadudu wanajaa. Kwa nini mtu aondoke kwenye karamu?

Jibu liko kwenye makinda. Ndege mzima hujitosheleza kwa saa 12 za mchana wetu, lakini makinda watano ndani ya kiota wanataka kulishwa mfululizo. Kaskazini ya mbali mchana wa Juni ni mrefu mno. Ulaya ya kati jua huwaka kama saa 16, na kwenye rasi ya Taimyr huko Siberia, wanakozaliana vitwitwi wengi tunaowaona kwetu, jua halizami kabisa kwa majuma kadhaa. Theluji ikiyeyuka, mbu na wadudu wengine huzuka kwa wingi usio na kifani, na ardhi ya kujengea viota ni pana. Huku kwetu ndege wakazi wameshagawana miti na vichaka, na nyoka, nyani na vicheche wanaokula mayai wapo mwaka mzima. Kwa hiyo msafiri hula masika yetu kama akiba ya njiani, kisha huenda kulea kule ambako mchana haumwishii.

Wanajuaje kwamba wakati umefika, ilhali huku mchana na usiku havibadiliki?

Wana saa ndani ya mwili. Mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wahamao katika vyumba ambamo mwanga uliwashwa saa 12 na kuzimwa saa 12, siku zote sawasawa, bila dalili yoyote ya majira. Bado, muda wao wa kuhama ulipofika, walianza kurukaruka usiku ndani ya vizimba, wakanenepa, na manyoya yao yakabadilika kwa zamu yake. Mwili ulikuwa unahesabu mwaka wenyewe.

Kabla ya kuondoka hula bila kupumzika. Ndege wa matete mwenye gramu 10 hivi anaweza kufikisha gramu 20 kwa kujaza mafuta chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo yanayomvusha jangwa na bahari. Ukiwaona mbayuwayu wa mwezi wa tatu wakipita chini chini juu ya uwanja wa mpira jioni, bila hata kutua, hiyo ndiyo kazi wanayoifanya.

Wanaongozwa na nini njiani?

Jua, nyota, usumaku wa dunia, na kwa waliokwisha kupita, alama za nchi kama mito na pwani. Kuhusu nyota tuna ushahidi mzuri: katika miaka ya 1960 Mmarekani Stephen Emlen aliwaweka ndege wahamao ndani ya ukumbi wenye anga bandia, na akaona kwamba makinda hujifunza kaskazini kwa kuangalia mahali ambapo anga inaonekana kuzunguka. Wengi wa ndege wadogo husafiri usiku. Ndiyo maana kichaka kilichokuwa kimya jana kinaweza kuamka alfajiri kimejaa ndege usiowajua.

Upepo una kazi gani?

Watu wa pwani hawahitaji somo refu hapa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika Aprili na kuendelea hadi Septemba. Majahazi ya Oman yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na ndege wengi wa Asia hufuata ratiba iyo hiyo.

Mfano ulio wazi ni kozi wa Amur, *Falco amurensis*. Ni kozi mdogo asiyezidi ukubwa wa njiwa. Huzaliana mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupumzika jimbo la Nagaland nchini India kwa makundi makubwa ajabu, kisha huivuka Bahari ya Hindi kuja Afrika mnamo Novemba na Desemba akisukumwa na upepo wa nyuma. Hupita Kenya na Tanzania akifuata mvua na kumbikumbi mpaka kusini mwa bara. Mwezi wa nne na wa tano hugeuka, na upepo nao unakuwa umegeuka. Mwaka 2012 dunia ilipigwa na butwaa kusikia jinsi kozi hawa walivyokuwa wakinaswa kwa nyavu huko Nagaland kwa maelfu kwa maelfu ili nyama yao iuzwe. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe, wakishirikiana na makanisa, serikali na wahifadhi, waliusimamisha uwindaji huo. Kozi unayemwona Tsavo ikishapita mvua ya Desemba amepita juu ya vijiji hivyo salama.

Si ndege peke yao wanaoutumia upepo huu. Kereng'ende wa aina ya *Pantala flavescens* nao huivuka bahari hiyo kutoka India kupitia Maldivi, kizazi baada ya kizazi, na inaaminika kozi hujilisha kwao juu ya maji.

Nitawaona wapi?

Anza ulipo. Mbayuwayu wa Ulaya hukaa juu ya nyaya za umeme katika kila mji wa Afrika Mashariki kuanzia Septemba hadi Aprili: koo jekundu, mgongo wa buluu iliyokoza, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Nimewahi kukutana na watu walioishi chini ya nyaya hizo miaka yote bila kuinua macho, na furaha yao siku wanapoonyeshwa haielezeki.

Kwa ndege wa ufukweni, Mida Creek karibu na Watamu ni mahali pa kwanza. Ni ghuba ya maji yanayojaa na kupwa iliyozungukwa na mikoko, na ndani yake kuna daraja la mbao linaloning'inia linaloishia kwenye kibanda cha kutazamia. Ada ya kuingia husaidia karo za watoto wa sekondari kupitia mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya kwa ajili ya familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na ghuba hiyo. Hapo utaona ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi anayekula kaa, *Dromas ardeola*. Huyu anastahili maelezo zaidi. Huzaliana tu kwenye pwani na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine wa ufukweni aliye na desturi hiyo. Akimaliza kulea huja kwetu, mara nyingi na kinda lake likiwa bado linamwomba chakula. Wengine hubaki Barr al Hikman nchini Oman, ambako ndege wa ufukweni zaidi ya nusu milioni hupitisha majira ya baridi.

Kusini zaidi, delta ya Rufiji, ambayo pamoja na Mafia na Kilwa iliwekwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ina matope yasiyo na mwisho na ndege wa kuyajaza. Aliye Dar es Salaam asisafiri mbali: maji yakipwa, matope ya mlango wa Msimbazi kwenye daraja la Selander huwa na vitwitwi na sululu huku magari yakipita juu yao. Unguja, jaribu pwani ya kusini.

Bara kuna maziwa ya Bonde la Ufa, na matatu ya Kenya, yaani Nakuru, Elmenteita na Bogoria, ni Urithi wa Dunia tangu 2011. Serengeti na Maasai Mara ni mahali pa korongo weupe na tai. Viwavijeshi wakilipuka kwenye nyasi, korongo hushuka kwa mamia na kuwala, na mkulima au mfugaji aliyewahi kushuhudia hilo hatakubali mtu awarushie mawe. Uganda, ghuba ya Lutembe iliyo kati ya Kampala na Entebbe huwapokea buabua wenye mabawa meupe zaidi ya milioni moja.

Niende saa ngapi?

Bara, alfajiri. Pwani saa ya ukutani haina maana, tazama maji. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege wametawanyika kilomita kadhaa na utaona nukta tu. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, keti, tulia. Maji yatawasogeza wenyewe mpaka karibu nawe. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, huwabana zaidi kuliko siku za maji mafu, yanapojaa kidogo, kwa hiyo ukiwa na siku moja tu ya kwenda, chagua mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Jua likae mgongoni kwako.

Vitwitwi wote wanafanana. Nitawatofautishaje?

Oktoba wanafanana kweli: wote kijivu juu, wote weupe chini. Wengi hukata tamaa hapo, na inasikitisha kwa sababu wamekuja mwezi mgumu. Njoo Aprili.

Mwezi wa nne ndege hawa huvaa manyoya ya kuzaliana kabla hawajaondoka. Kitwitwi wa Taimyr mwenye mdomo uliopinda, *Calidris ferruginea*, aliyekuwa kijivu tangu Septemba, anageuka mwekundu kama tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Vitwitwi wa mchangani wanaotoka milima na majangwa ya Asia ya Kati wanapata kifua cha rangi ya chungwa na kinyago cheusi. Yule mfupi mwenye miguu ya rangi ya chungwa anayepindua mawe na mwani, *Arenaria interpres*, anakuwa na madoa ya hudhurungi, meusi na meupe yasiyoweza kukosewa. Tunasoma mara kwa mara kwamba uzuri huu ni wa majira ya kuchipua ya kaskazini. Sisi tunauona kwanza, ukishonwa hapa Mida na Rufiji, wiki kadhaa kabla wa kule hawajaamka.

Mbali na rangi, angalia mdomo. Mfupi na mnene huokota vilivyo juu ya mchanga. Mrefu uliopinda chini kama wa sululu huingia mashimo ya kaa. Mrefu uliopinda juu kidogo ni wa *Xenus cinereus*, ambaye hukimbia huku na huku kwenye matope kama aliyepoteza kitu. Jifunze watatu kwanza. Wa nne atajitambulisha kwa kuwa tofauti nao.

Niliona vitwitwi mwezi wa saba. Mbona hawakuondoka?

Ni vijana. Ndege wengi wa ufukweni hawazaliani katika mwaka wao wa kwanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhatarisha safari ya kilomita maelfu. Hubaki kwetu msimu wote wa kusi, wengi wakiwa na manyoya yale yale ya kijivu. Waandike kwenye rekodi zako. Takwimu za Juni na Julai ni chache na zinahitajika.

Bara kuelekea kaskazini wanapita njia gani?

Wadogo wanaopiga mabawa mfululizo huenda kwa upana, wakivuka jangwa na bahari usiku. Wakubwa, yaani korongo na tai, hawawezi. Wao hupanda kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, kisha huteleza, na juu ya bahari hewa hiyo haipo. Kwa hiyo hufuata Bonde la Ufa na Bahari ya Shamu na kutafuta mahali pembamba pa kuvukia: Bab-el-Mandeb kati ya Djibouti na Yemen, Suez, na mbele zaidi Bosporus pale Istanbul. Zaidi ya ndege milioni 1.5 wa aina hii hutumia njia hiyo kila mwaka. Tai wa nyika, *Aquila nipalensis*, ana jambo la ajabu: wengi wao huja kwa kupitia Bab-el-Mandeb lakini kwenda kuzaliana hupitia Suez na Eilat nchini Israeli, kwa hiyo safari yao ya mwaka ni duara.

Wapo wanaovunja kanuni zote. Mwaka 2019 kekeo mmoja aliyepewa jina la Onon alifungwa kifaa cha setilaiti nchini Mongolia. Alikuja mpaka Zambia, na mwaka 2020 akaondoka huko Machi, akavuka bahari hadi India, akafika Mongolia mwezi wa Mei. Safari hiyo ya kurudi ilikuwa zaidi ya kilomita 12,000.

Je, hurudi mahali pale pale?

Ndiyo, na tunalijua hilo kwa sababu ya pete. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, ndiye aliyeanza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete nyepesi za madini zenye namba na anwani. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walibishana: wengine walisema mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa wakati wa baridi. Ushahidi wa kwanza mzito ulikuwa umeruka wenyewe kutoka kwetu. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, alionekana korongo mweupe akiwa na mkuki wa Afrika ya Kati, wa sentimita kama 80, umemchoma shingoni. Alichomwa huku, akapona kiasi cha kuweza kuruka, akafika kule akiwa nao. Yupo mpaka leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Pete nayo ikajibu lililobaki: mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Kwetu kazi kubwa ya pete hufanyika Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu 1969, mwezi wa Novemba na Desemba, usiku wa ukungu taa za hoteli huwavuta ndege wahamao washuke, na alfajiri wataalamu na wanaojitolea huwanasa kwa nyavu nyembamba, huwapima, huwavisha pete na kuwaachia. Mamia ya maelfu ya ndege wamepitia mikononi mwao. Ni mojawapo ya kazi za sayansi za muda mrefu kuliko zote kuhusu uhamaji wa ndege barani Afrika, na ingefaa kila mwanafunzi wa biolojia wa Kenya aisikie shuleni.

Hawa si wageni tu? Kwa nini tujishughulishe na ndege wa Wazungu?

Hapa nitajibu kwa kirefu.

Ndege anayeongoza kwa wingi kule Ngulia ni mdogo wa rangi ya majani makavu, *Acrocephalus palustris*, ambaye kwa sura hana la kusifiwa. Hufika Ulaya mwishoni mwa Mei, akazaliana, na mwisho wa Julai wazazi wameanza kuondoka. Makao yake ya kaskazini ni kama miezi miwili na nusu. Miezi mingine yote yuko njiani na Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Zambia na Msumbiji. Dume huimba kwa kuiga ndege wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alizichunguza nyimbo zake na kuchapisha matokeo mwaka 1979: kwa wastani dume mmoja huiga spishi 76, na 45 kati yake ni za Afrika. Jumla alitambua spishi 212 zilizoigwa, 113 zikiwa za huku. Kijana hujifunza katika mwaka wake wa kwanza, akiwa safarini na hapa kwetu.

Maana yake ni kwamba mwezi wa Juni, kando ya mto nchini Ubelgiji, mtu akisikiliza wimbo wa majira ya joto anasikia sauti za ndege wa vichaka vya Afrika Mashariki na kusini. Wimbo ulifundishwa huku. Ndege aliyejifunza kuimba kwetu, anayekula kwetu sehemu kubwa ya mwaka, na ambaye maisha yake yanategemea matope na nyasi zetu, simwiti mgeni. Ana kwao kuwili, na kumoja ni hapa. Anayekausha kinamasi cha Kenya anapunguza ndege wa Poland; anayetega nyavu Bahari ya Kati anapunguza wale wanaokula viwavi vya Serengeti.

Niko Ulaya au Oman. Nitegemee kuwaona lini?

Korongo weupe hufika Ujerumani na Poland mwisho wa Machi na Aprili. Mbayuwayu huonekana Uingereza kuanzia mwisho wa Machi, wengi Aprili. Kekeo katikati na mwisho wa Aprili. Teleka mwanzoni mwa Mei. Teleka usiwatafute mtini. Watafiti wa Lund, Sweden, waliochapisha kazi yao 2016 walionyesha kwamba nje ya msimu wa kuzaliana baadhi yao hukaa angani miezi kumi bila kutua.

Aliye Oman ana bahati ya pekee. Machi na Aprili keremkerem hupita wakiita juu. Utawasikia kabla ya kuwaona. Kisha hufika kozi wa kijivu, *Falco concolor*, kutoka Madagaska, akipitia Afrika Mashariki. Yeye hutaga Julai, wakati wenzake wamekwisha kulea, ili awalishe makinda yake ndege wadogo wanaoshuka wakati huo kutoka kaskazini kuja Afrika.

Wanakabiliwa na hatari gani?

Nyingi, na zote ni za mikono yetu wanadamu. Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati pekee, BirdLife, shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ilikadiria mwaka 2015 kwamba ndege kati ya milioni 11 na 36 huuawa au kunaswa kinyume cha sheria kila mwaka. Tai wa nyika yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu mwaka huo huo. Nyaya za umeme zisizo na kinga humuua Uarabuni na Asia ya Kati. Huku kwetu sumu ni tatizo kubwa: katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wametegwa kwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu, na nyama yao kuuzwa kwa watu wasiojua wanakula nini. Mikoko hukatwa, vinamasi hukaushwa.

Pale watu wanapoamua, mambo hubadilika. Nagaland nimeshaitaja. Kipeto, Kajiado, watazamaji hukaa chini ya mitambo ya upepo na kuagiza isimamishwe tai wakikaribia.

Na mabadiliko ya tabianchi?

Joto likiwahi kaskazini, viwavi vya miti huwahi pia. Ndege aliye Afrika hana habari, anasubiri saa yake ya mwilini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2001 kuhusu ndege mdogo mweusi na mweupe, *Ficedula hypoleuca*, anayekaa Afrika Magharibi, ulionyesha kwamba ametangulia kutaga kidogo, lakini si kwa kasi ya viwavi. Anafika chakula cha makinda kikiwa kinapungua.

Vifaa gani vinahitajika?

Darubini ya macho mawili, daftari, kofia. Kama unanunua, 8x42 inatosha: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana huingiza mwanga zaidi alfajiri. Usidanganywe na darubini za kukuza mara 30 za bei ya chini. Picha hutetemeka mkononi. Kama huna fedha, jiunge na wenye nazo. Programu ya Merlin kwenye simu ni ya bure na husaidia kutambua.

Wanaleta magonjwa?

Homa ya mafua ya ndege ipo duniani na ndege wa maji wanaweza kuibeba. Kuwatazama hakuna hatari. Usimshike kwa mikono mitupu ndege aliyekufa, na ukiona wengi wamekufa mahali pamoja toa taarifa kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Nimeokota ndege mwenye pete. Nifanye nini?

Akiwa hai, usiitoe. Soma namba yote na maneno yaliyochorwa, piga picha, umwachie. Akiwa amekufa, iandike namba na uihifadhi pete. Maandishi kama Radolfzell au Hiddensee ni ya Ujerumani, Moskwa ni ya Urusi. Peleka namba, tarehe na mahali ulipomwona kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, au kwa kituo kilichoandikwa kwenye pete. Utajibiwa alivishwa wapi na lini.

Nani nitaandamana naye, na rekodi zangu nizipeleke wapi?

Nairobi, Nature Kenya, chama kilichoanzishwa 1909, huwa na matembezi ya Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho. Fleur Ng'weno aliyaongoza tangu 1971, na wengi wa watazamaji wakubwa wa Kenya walianzia hapo. Pwani, uliza Watamu kwa A Rocha Kenya na waongozaji wa Mida. Kila Januari kuna sensa ya ndege wa maji, na wanaojitolea hukaribishwa hata kama kazi yao itakuwa kuandika tu namba zinazotajwa.

Rekodi za Kenya ziende Kenya Bird Map, za Tanzania kwa Tanzania Bird Atlas, au popote ulipo, eBird, tovuti ya rekodi za ndege za dunia nzima. Andika tarehe, mahali, spishi na idadi. Tarehe ya mwisho kumwona mbayuwayu mwezi wa Aprili ina thamani sawa na ya kumwona wa kwanza Septemba, na watu wachache sana huiandika. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, iliyoanza 2006, huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ile ya Mei huwakuta wengi wameshaondoka, kwa hiyo ukitaka kuwaona Mida wakiwa wekundu, usiisubiri: nenda katikati ya Aprili, siku za bamvua, saa tatu kabla ya maji kujaa.